HOFU NA KIGUGUMIZI: KIPI HUANZA?

Katika ukurasa huu wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, maji safi, choo na chanjo. Leo tuzungumze juu ya kigugumizi. Najua wapo watakaosema, "Kigugumizi hakiui mtu. Kwa nini kichukue nafasi ya malaria?" Nawaomba wasome kwanza mpaka chini. Nitaeleza habari ya mtu mzima, mwenye nguvu zake, aliyekaribia kupotea kwa sababu ya neno moja lililokataa kutoka.

Karibu kila kijiji kina mtu ambaye maneno humkwama. Ukihesabu watu wazima 100, utamkuta mmoja hivi. Kwa hiyo kijiji chenye watu wazima 1,000 kinaweza kuwa na watu 10 wa namna hiyo. Huenda wewe unawajua wawili au watatu tu. Wengine wako wapi? Wapo, lakini wamenyamaza. Mkutanoni wanakaa nyuma, na hujapata kusikia sauti zao. Watu husema, "Yule ni mpole." Wengine wao si wapole hata kidogo. Wanaogopa kusema.

Hapo ndipo penye swali letu. Watu wengi huamini kwamba kigugumizi huletwa na woga. Husema, "Aache woga tu, maneno yatatoka." Je, ni kweli? Ni woga unaozaa kigugumizi, au ni kigugumizi kinachozaa woga?

KWANZA TUKIJUE KIGUGUMIZI

Mwenye kigugumizi anajua anachotaka kusema. Shika jambo hili kwanza. Neno analo kichwani, limekamilika, kama wewe unavyokuwa nalo. Shida iko katika kulitoa.

Neno hukwama kwa namna tatu. Namna ya kwanza ni kurudia: "Ma-ma-ma-maji." Ya pili ni kuvuta: "Sssssukari." Ya tatu ni kuziba. Mdomo uko wazi, pumzi imesimama, wala sauti haitoki. Hii ya tatu huumiza sana, kwa sababu anayesikiliza hudhani mtu huyu hataki kujibu. Kumbe wakati huo yeye anasukuma neno kwa nguvu zake zote. Ndiyo maana utamwona anafumba macho, anatikisa kichwa, au anapiga mguu chini. Hafanyi mchezo. Anasukuma.

Kigugumizi si upungufu wa akili. Wala si ulimi mfupi. Mwaka 1841, huko Berlin, daktari mpasuaji aitwaye Dieffenbach alifikiri kosa ni la ulimi. Aliwakata wagonjwa wake kipande cha nyama ya ulimi, tena siku hizo dawa ya usingizi ya kupasulia ilikuwa bado haijaanza kutumika. Njia hiyo iliachwa. Ulimi haukuwa na kosa. Naieleza habari hii kwa sababu hata kwetu wapo wanaotaka kumkata mtoto kimeo, au kile kijinyama kilicho chini ya ulimi, wakidhani kigugumizi kitaondoka. Usikubali. Mtoto anaweza kutoka damu nyingi, au kupata pepopunda kutokana na kisu kichafu, na kigugumizi kikabaki palepale.

MTOTO WA MIAKA MITATU HAJUI AIBU

Kwa kawaida kigugumizi huanza mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka 2 na 5. Wakati huo maneno mapya yanamjia kila siku, naye anaanza kuunga sentensi ndefu. Katika kila watoto 100, watano au zaidi hupita katika hali hii. Wengi wao huacha wenyewe. Katika kila wanne, watatu hivi huacha kabla ya kuwa watu wazima. Anayebaki nacho ni mmoja, na mara nyingi ni mvulana. Kwa watu wazima, kila ukimpata mwanamke mmoja mwenye kigugumizi, utapata wanaume kama wanne.

Sasa mtazame mtoto huyo wa miaka mitatu. Anakuja mbio kutoka uani. "Ma-ma-mama, ku-ku-ku-kuku ametaga!" Anacheka. Hana habari kwamba neno lilikwama. Hakuna aliyemcheka bado. Hana aibu, hana woga wa kusema, na kigugumizi anacho tayari.

Hilo ni jibu la kwanza. Kigugumizi kilitangulia.

Kimetoka wapi, basi? Kusema ni kazi kubwa kuliko tunavyofikiri. Kifua, koo, taya, ulimi na midomo lazima vifanye kazi pamoja, kila kimoja kwa zamu yake, kwa amri ya ubongo. Ni kama watu watatu wanaotwanga katika kinu kimoja. Kila mmoja anajua wakati wa kushusha mchi wake. Mmoja akichelewa kidogo tu, michi inagongana. Wataalamu wamepiga picha za ubongo wa watu wenye kigugumizi, wakaona kwamba njia zinazopeleka amri za kusema zina tofauti kidogo na za watu wengine. Tofauti hiyo mara nyingi hurithiwa. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza chembe za urithi zinazohusika na kigugumizi katika baadhi ya familia, baada ya kuchunguza familia za Pakistan. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa babu alikuwa nacho, na mjomba pia.

Basi tusimlaumu mama. Tusiseme alimtisha mtoto, au alimwacha alie sana. Tusiseme amerogwa. Wala mtoto hakuambukizwa na mwenzake kwa kumwiga. Kigugumizi hakiambukizi.

WOGA HUINGIAJE?

Mzee mmoja aliniuliza swali zuri nilipomweleza hayo. Alisema, "Kijana, kama woga hauleti kigugumizi, mbona mjukuu wangu anakwama zaidi akiwa mbele ya mwalimu?" Ni kweli, hukwama zaidi. Tuone sababu yake.

Mtoto sasa ana miaka sita. Anakutana na mzee njiani. Lazima amwamkie. "Shikamoo" si neno la kuchagua. Huwezi kuweka jingine mahali pake. Mzee amesimama, anasubiri. Mtoto anafungua mdomo: "Sh... sh..." Haitoki. Mzee anasema, "Mtoto huyu hana adabu. Ni wa nani?" Kesho yake mtoto akimwona mzee yule kwa mbali, anakata kupitia shambani. Ndugu msomaji, woga umezaliwa hapo. Hakuzaliwa nao. Ameupata njiani, katika shikamoo moja.

Halafu anaingia shule. Mwalimu anaita majina, na kila mtoto anaitikia. Yeye anahesabu: bado watu kumi, bado watano, bado wawili. Moyo unampiga. Zamu yake inafika, neno linaziba, darasa zima linacheka. Siku nyingine anajua jibu la hesabu lakini hanyoshi mkono. Mwalimu anadhani hakusoma, na pengine anamwadhibu. Akifika darasa la nne, mtoto huyu anayajua maneno yote yanayomkataa. Anaanza kuogopa hata kabla ya kufungua mdomo.

Sasa tuuangalie mwili. Mtu anapoogopa, mwili hujiandaa kukimbia au kupigana. Moyo huenda mbio. Mdomo hukauka. Pumzi huwa fupi. Misuli ya koo na taya hukaza. Kumbuka ile michi mitatu. Watwangaji walikuwa tayari wanapishana kwa shida, na sasa mikono yao imekakamaa. Michi itagongana mara nyingi zaidi. Neno litaziba zaidi, watu watacheka zaidi, na kesho mtoto atakuja na woga mkubwa kuliko wa leo.

Kwa hiyo woga si mzazi wa kigugumizi. Ni mlezi wake.

Ushahidi unaweza kuuona mwenyewe kijijini. Kijana mwenye kigugumizi akiwa peke yake machungani anawasemesha mbuzi wake vizuri tu. Akimbembeleza mtoto mchanga, maneno yanateleza. Akiwa katika kwaya au kaswida, au akisoma pamoja na darasa zima kwa sauti moja, hakwami. Hapa niseme jambo dogo. Wimbo haumsaidii kwa kuondoa woga peke yake. Mapigo ya wimbo na sauti za wenzake huupa ubongo alama ya kufuata, kama vile watwangaji wanavyosaidiwa na wimbo wa kutwangia. Kwa hiyo usimwambie mtu, "Mbona unaimba vizuri? Kumbe unajifanya." Hajifanyi.

YATIMA WA DAVENPORT

Kuna habari moja ya kweli ambayo kila mzazi na kila mwalimu aijue. Ilitokea Marekani mwaka 1939, katika jimbo la Iowa.

Katika chuo kikuu cha jimbo hilo alikuwako mtaalamu aitwaye Wendell Johnson. Yeye mwenyewe alikuwa na kigugumizi. Aliamini kwamba kigugumizi hakianzii mdomoni mwa mtoto bali katika sikio la mzazi. Maana yake ni hii: mtoto mdogo hukosea kidogo kama watoto wote, mzazi husikia, hushtuka, humsahihisha kila mara, mpaka mtoto anaogopa na kuwa na kigugumizi cha kweli. Yaani alidhani woga ndio mzazi.

Ili kulipima wazo hilo, mwanafunzi wake, Mary Tudor, alikwenda katika nyumba ya watoto yatima mjini Davenport, akachukua watoto 22. Sita kati yao walikuwa wanasema kama watoto wengine wowote. Hao sita wakaambiwa kwamba wanaanza kuwa na kigugumizi. Wakaambiwa wajizuie. Wakaambiwa wasiseme kabisa mpaka wawe na hakika kwamba watasema vizuri. Hili liliendelea kwa miezi kadhaa. Watoto hawakuwa na baba wala mama wa kuwauliza watu wazima wale, "Mnafanya nini?"

Matokeo yake yalikuwaje? Wataalamu waliozipitia karatasi za jaribio hilo miaka mingi baadaye hawakuona kwamba watoto wale waligeuka kuwa na kigugumizi. Lakini wakati ule ule watoto walibadilika. Walianza kunyamaza. Ukiwauliza, walijibu kwa neno moja au hawakujibu. Waliona haya. Kazi zao za shule zilishuka. Mambo hayo yakakaa bila kujulikana na watu wengi mpaka gazeti moja la huko lilipoyaandika mwaka 2001. Mwaka huohuo chuo kikuu kiliomba radhi. Mwaka 2007 jimbo la Iowa lilikubali kulipa dola 925,000 kwa ajili ya watoto wale sita. Wakati huo baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa, na waliobaki walikuwa wazee.

Tunaona nini hapa? Maneno ya mtu mzima hayana nguvu ya kumpa mtoto kigugumizi asichozaliwa na mwelekeo wake. Lakini yana nguvu kubwa ya kumpa woga. Sasa jiulize yanamfanya nini mtoto ambaye kigugumizi anacho tayari. "Sema vizuri!" "Anza upya!" "Acha kumung'unya maneno!" Johnson alikuwa na chuo kikuu nyuma yake. Sisi tunalifanya jaribio lilelile nyumbani kwetu, jioni, wakati wa chakula.

NENO LILILOKATAA KUTOKA

Sasa ile habari niliyoahidi. Mhusika amenipa ruhusa niiandike, ila jina lake silitaji, wala kijiji chake.

Mtu huyu alikuwa anakohoa kwa majuma kadhaa. Akaenda zahanati, siyo hii ninayofanyia kazi. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yake. Akaulizwa, "Baba, unaumwa nini?" Alitaka kusema "kifua". Neno likaziba. Akajaribu "kikohozi". Likaziba lilelile, maana sauti ya kwanza ni moja. Watu nyuma wakaanza kucheka. Aliyekuwa anamhudumia akamwambia, "Haraka, mzee, wenzako wanasubiri." Basi akasema neno lililokubali kutoka. Akasema, "Tumbo."

Akapewa dawa ya minyoo. Akaenda nayo nyumbani. Akarudi baada ya majuma mawili, na mambo yakawa yaleyale. Tumbo. Dawa ya minyoo.

Wakati huo alikuwa ameanza darasa la kisomo cha watu wazima. Alikuwa na miaka zaidi ya arobaini. Siku alipokuja kwetu hakusema kitu. Aliweka karatasi mezani. Ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa, kwa kalamu ya risasi:

NAKOHOA WIKI YA SITA. USIKU NATOKA JASHO. NINA KIGUGUMIZI.

Tukachukua makohozi, yakapimwa. Kilikuwa kifua kikuu. Akaanzishiwa dawa, akazinywa kwa miezi sita bila kukosa, akapona. Mke wake na watoto nao walipimwa.

Msomaji, aliyekohoa majuma mawili au zaidi lazima apimwe kifua kikuu. Hilo tunalisema kila siku. Lakini ili apimwe, lazima lijulikane kwamba anakohoa. Kwa mtu huyu, woga wa kuchekwa ulisimama kati yake na dawa.

Watu wengi wenye kigugumizi wamekuwa hodari wa kukwepa maneno. Hataki kusema "sukari", basi dukani anasema "ile ya chai". Ndani ya basi neno "shusha" likimkataa, anapitishwa kituo chake, kisha anarudi kwa miguu. Simu ikilia anampa mtoto aipokee. Jina lake mwenyewe ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu haliwezi kubadilishwa na jingine. Wapo wanaotaja jina ambalo si lao ili mambo yaishe. Hebu fikiri hatari ya jambo hilo katika zahanati, ambako dawa hufuata jina. Na katika kikao cha ukoo cha kugawa shamba, anayenyamaza huhesabiwa kwamba amekubali.

Kukwepa huko kunampa nafuu ya dakika moja. Lakini kila akikwepa, woga unakua, kwa sababu hajapata kuona kwamba angeweza kulisema neno lile, hata kwa kukwama, na dunia isianguke.

WOGA UNATIBIKA

Katika kabati la dawa la zahanati yetu hakuna kidonge cha kigugumizi. Hakuna hata katika hospitali kubwa kidonge kilichothibitishwa kukiponya. Ukiuziwa mnadani, umeibiwa fedha yako.

Lakini woga ni jambo jingine. Katika uchunguzi uliofanywa Australia na kutangazwa mwaka 2008, watu wazima wenye kigugumizi walifundishwa kuukabili woga wao hatua kwa hatua. Woga ulipungua sana. Maneno yao yaliendelea kukwama karibu kama mwanzo, lakini walirudi kwenye mazungumzo na shughuli walizokuwa wakizikimbia. Uchunguzi huu unanifurahisha kuliko mingine yote niliyoisoma juu ya kigugumizi. Unaonyesha kwamba haya ni mambo mawili. Unaweza kubaki na la kwanza ukaliondoa la pili.

Hatua hizo unaweza kuzianza mwenyewe, ndugu yangu mwenye kigugumizi. Anza pale ambapo woga ni mdogo. Ukiwa na mbuzi huogopi. Basi zungumza na mtoto mdogo. Kisha na rafiki mmoja unayemwamini. Kisha nenda dukani uombe sukari kwa jina lake, hata ikiwa ni "sssssukari". Ukishazoea dukani, mwambie balozi wako jambo moja. Mkutano wa kijiji uuache mwisho. Usisukume neno kwa nguvu. Likiziba, simama, legeza taya, uanze tena taratibu. Na jambo moja linasaidia sana: mwambie unayezungumza naye tangu mwanzo, "Nina kigugumizi, nivumilie." Ukishasema hivyo huna siri tena ya kuilinda, na sehemu kubwa ya woga ilikuwa ni kuilinda hiyo siri.

Wazee wanaikumbuka shilingi ya zamani yenye simba upande mmoja na kichwa cha mfalme upande wa pili. Mfalme yule, George wa Sita wa Uingereza, alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Mwaka 1925, kabla ya kuwa mfalme, alihutubia umati mkubwa pale Wembley, London, akakwama vibaya mbele ya watu wote. Mwaka uliofuata alianza kufundishwa na Lionel Logue, mtu wa kutoka Australia, aliyemzoeza kupumua, kusema taratibu, na kuipitia kila hotuba kubwa kabla ya kuitoa. Septemba 3, 1939, vita vilipotangazwa, alisema katika redio, na watu wakamsikia mpaka huku Tanganyika. Hakupona kabisa. Alisimamasimama kati ya maneno, lakini alisema. Waislamu na Wakristo nao wanajua kwamba Nabii Musa alikuwa na uzito wa kusema, na nduguye Haruni akapewa kazi ya kumsaidia.

KAZI YA ANAYESIKILIZA

Sisi tunaosikiliza ndio tunaoutia woga au kuupunguza. Kazi yenyewe haina gharama. Neno likimkwama mwenzako, subiri. Mtazame kawaida, kama unavyomtazama mtu yeyote. Usimmalizie neno; mara nyingi utamalizia lisilo lake. Usimwambie "tulia" au "vuta pumzi", hata kama nia yako ni njema, kwa maana unamkumbusha kwamba anatazamwa. Jibu kile alichokisema, siyo namna alivyokisema.

Mtoto asipoweza kutamka shikamoo, mpe mkono wako au umguse kichwa. Amekwisha kukuamkia. Mzazi, tafuta dakika chache kila siku uzungumze na mtoto huyo peke yake, wewe ukisema polepole, bila haraka ya kazi. Kumwambia yeye aseme polepole hakusaidii kama wewe mwenyewe kusema polepole. Ndugu zake wasimwige, wala wasimkatize. Mwalimu, kaa naye faraghani umuulize anapenda aitikieje na asomeje. Wengine hupenda kusoma kwa sauti pamoja na mwenzake mmoja kwanza. Na anayemwiga darasani mbele yako, ukicheka naye, umefundisha darasa zima.

Mtoto ambaye kigugumizi chake kimepita miezi sita, au anayesukuma maneno kwa taabu, au mwenye ndugu mtu mzima aliye nacho, mlete zahanati tumwone tusisubiri. Wataalamu wa matamshi ni wachache sana nchini kwetu, nao wako katika hospitali kubwa za mijini. Lakini tunaweza kupima masikio yake, kuwaeleza ninyi wazazi la kufanya, na kumpeleka mbele inapobidi.

Ukija zahanati na wewe maneno hukukwama, tumia kisomo chako. Andika nyumbani, bila haraka, unaumwa nini, tangu lini, na dawa gani iliwahi kukudhuru. Hujui kuandika vizuri bado? Mwombe mwenzako wa darasani akuandikie. Weka karatasi mezani. Aliye zamu ataisoma.

Nimebakiwa na onyo moja. Yote niliyoyasema yanahusu kigugumizi cha tangu utotoni. Mtu mzima ambaye alikuwa anasema vizuri, kisha leo ghafla maneno yanamkwama au yanakorogeka, huyo ni mgonjwa wa namna nyingine kabisa. Hasa ikiwa mdomo umepinda upande mmoja, au mkono umelegea, au alianguka akaumia kichwa. Inaweza kuwa kiharusi. Asisubiri mpaka kesho, asipewe chakula wala dawa mdomoni maana anaweza kupaliwa. Tafuteni usafiri, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata ikiwa ni usiku.